Njia ya Kaole isifungwe, na kilabu kisisingiziwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako ili nimjibu msomaji mwenzangu ambaye, wiki mbili zilizopita, aliandika katika ukurasa huu kuwalalamikia watu wazima wa Bagamoyo wanaozurura mashambani, kuishia katika kilabu cha pombe kijijini Kaole na kuwafundisha vijana ulevi, kisha akampongeza mwenye shamba mmoja aliyeweka uzio wa seng'enge ili wasipite. Hakututaja kwa jina, wala asingeweza, kwa kuwa kundi letu halina jina, halina mwenyekiti wala mweka hazina, na halijasajiliwa popote. Hata hivyo, silijui kundi jingine la watu kumi na watano au ishirini, wengi wao wastaafu, ambalo hukusanyika mbele ya Ngome Kongwe saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kila Jumamosi ya pili ya mwezi, likaenda Kaole kwa miguu na kurudi. Tuliosemwa ni sisi, na kwa kuwa mimi ndiye niliyeshika chaki miaka thelathini na mmoja, wenzangu wamenitwisha kalamu.

Nianze kwa kukubali lililo kweli: tunaishia kilabuni. Lakini nadhani msomaji yule hutuona tukirudi tu, hajapata kutuona tukienda, na nusu ya safari ikikosekana ni rahisi kuikosea iliyobaki. Kwa hiyo nitamweleza tunavyokwenda.

Kutoka Ngome Kongwe tunashika kusini, tunaiacha Taasisi ya Sanaa na Utamaduni upande wa bahari, kisha tunaingia katika njia za mashambani zinazopita kati ya minazi, mikorosho na matuta ya mihogo. Hadi Kaole ni kama kilomita tano. Kijana mwenye haraka zake hazimchukui hata saa moja. Sisi hutuchukua saa mbili, na mara nyingine zaidi, kwa sababu mbili. Sababu ya kwanza ni kwamba anayetangulia ni yule mwenye mwendo mdogo kuliko wote, ambaye kwetu ni muuguzi mstaafu mwenye goti bovu, na hakuna anayeruhusiwa kumpita. Sababu ya pili ni salamu. Mzee aliyeketi barazani kwake hapitwi kama nguzo ya umeme. Anaamkiwa, anaulizwa hali, naye huuliza habari za kila mtu wa nyumba ya kila mmoja wetu, na msafara mzima husimama hadi orodha iishe. Siku za bamvua, maji yanapokuwa yakikupwa asubuhi, tunaacha mashamba na kufuata mchanga, mpaka mikoko ya Kaole inapotufukuza kwa matope yake tukarudi juu. Jumamosi tuliichagua baada ya mjadala mfupi, kwa kuwa Ijumaa ina wenyewe na Jumapili ina wenyewe.

Njia ile ni nyembamba, inaruhusu watu wawili kwenda sambamba, na wembamba huo una manufaa ambayo sikuyatarajia. Katika mkutano mtu huchagua wa kuketi naye. Njiani unapangwa na mguu wako. Nimewaona mabwana wawili wa kundi letu, ambao kwa mwaka mzima walikuwa hawapeani hata mkono kwa sababu ya mpaka wa kiwanja, wakijikuta bega kwa bega kwa kuwa wengine wote walikwisha kupata wenza. Hadi kwenye mikorosho walikuwa kimya. Tulipofika Kaole walikuwa wakibishana juu ya bei ya saruji, na ubishi wa bei ya saruji, kwa wanaume wa umri wetu, ni upatanisho uliokamilika.

Kabla ya kilabu yako magofu, na sisi hatuyapiti. Tunalipa kiingilio kama wageni wengine, tunaingia. Kuna mabaki ya misikiti miwili, mmoja ukihesabiwa kuwa wa tangu karne ya 13, yako makaburi ya nguzo yaliyojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na kipo kisima chenye maji matamu hatua chache kutoka kwenye mikoko. Kaole ilikuwa bandari kabla ya Bagamoyo kuwa mji wa maana, kisha tope na mikoko vikaiziba njia ya vyombo, biashara ikahama. Upo pia mbuyu ambao wenyeji husema anayeuzunguka huongezewa siku za kuishi. Nimeuzunguka mara nyingi mno, wala sina la kulalamika kuhusu siku. Magoti ndiyo ambayo hayajasikia habari hiyo.

Sasa tufike kilabuni, ambako ndiko msomaji yule alikokusudia tufike. Ni banda la makuti lisilo na kibao, lenye mabenchi manne ya magogo ya minazi, jiko la kuni kwa nyuma, na mama mmoja ambaye ndiye mwenye mali, mpishi na mwamuzi. Anauza tembo la mnazi, na halifichi. Anauza pia kahawa chungu, madafu, mihogo ya kukaanga yenye pilipili, na samaki wowote waliotoka maji asubuhi ile. Katika kundi letu zaidi ya nusu ni Waislamu ambao hawaligusi tembo, nami ni mmoja wao. Ninakunywa dafu langu na kahawa yangu kwenye benchi lile lile analoketi jirani yangu Mkristo na kikombe chake, na katika miaka sita sijaombwa hata siku moja nionje, wala mimi sijamwomba mtu aache. Msomaji yule angeketi nasi nusu saa tu, asingeandika kwamba tunawafundisha vijana ulevi. Vijana wenyewe hawaji. Wanatuona wazee mno.

Wengi wanaolilaani tembo hawajui kazi iliyomo ndani yake, na mimi nililijua bila kulinywa, kwa kumtazama mgema. Huyu hufika kilabuni yapata saa nne akiwa na mavuno ya alfajiri. Hupanda mnazi kwa vidato alivyovichonga katika shina, kotama, kisu chake cha kugemea, ikiwa kiunoni, akafikia karara, yaani ala la maua ya mnazi, ambalo halijapasuka, akalikata ncha kwa uangalifu, unene wa ukucha tu, kisha akalifunga na kutungika chombo chini yake ili utomvu udondoke. Zamani kilikuwa kibuyu, siku hizi ni chupa ya plastiki. Asubuhi anapanda, jioni anapanda, kila siku, masika na kiangazi, na kila mara anakata ukucha mwingine ili mti usizibe jeraha. Karara linalogemwa halizai nazi, kwa hiyo mwenye mnazi amekwisha kuchagua: ama nazi za kuuza, ama kodi ya mgema. Utomvu ukishuka asubuhi ni mtamu kama dafu lililotiwa sukari, kufikia adhuhuri umeanza kuchemka wenyewe bila kutiwa hamira ya dukani, jioni ni mkali, na ukilala hadi kesho na keshokutwa unakuwa siki. Ndiyo sababu kinywaji hiki hakipakiwi katika makreti kupelekwa mbali kama bia. Hunyweka vizuri pale pale kilipogemwa, siku ile ile, na anayekitaka hana budi kukifuata kijijini. Wenzangu wanaokinywa wananiambia kwamba hilo ndilo linaloifanya safari iwe na maana, kwani baada ya kutembea saa mbili mtu anafika mahali penye kitu ambacho mjini hakipo. Nami naona kwamba wana adabu nzuri mbele ya mgema: hakuna anayelisifu tembo lake kwa sauti. Wanajua yule akisifiwa hufanya nini. Wanasema tu, "Leo si baya," naye anaondoka ameridhika na maji yake yamebaki kisimani.

Haki inanitaka niseme pia la aibu. Mwaka juzi wawili kati yetu walibaki nyuma hadi magharibi, wakarudi mjini juu ya bodaboda moja wakiimba, na walipita mbele ya msikiti watu wakiwa wanatoka kuswali. Kama msomaji yule aliwaona hao, ana haki ya kila neno aliloandika juu ya siku ile. Walikwenda wenyewe kuomba radhi, na tangu hapo tuna kanuni moja, ambayo ndiyo pekee tuliyo nayo: waliokwenda pamoja hurudi pamoja, na saa sita kamili mama anakusanya vikombe, awe mtu amemaliza au hajamaliza. Mama anaitekeleza kwa ukali kuliko mwalimu mkuu yeyote niliyepata kufanya kazi chini yake.

Sielewi, kwa kweli, kwa nini mtu wa Bagamoyo aone kutembea kwa kundi ni uzururaji. Mji huu ulijengwa na nyayo. Karne ya 19 misafara iliyotoka bara, kutoka hata Ujiji umbali wa zaidi ya kilomita elfu moja, ilikwenda kwa miezi, kila mpagazi akiwa na mzigo wa kilo thelathini na zaidi begani, na hapa ndipo walipotua. Njia hizo hizo waliletwa wengine wakiwa wamefungwa, ambao hawakuwa na la kufurahia walipoiona bahari, na sitaki mtu adhani ninalinganisha matembezi yetu ya Jumamosi na mateso yale. Nasema tu kwamba kuja kwa miguu, kwa pamoja, na kufikia mahali penye watu, si jambo geni hapa. Februari 1874 Chuma na Susi, waliokuwa watumishi wa mmisionari David Livingstone, pamoja na wenzao walifika hapa wakiwa wameubeba mwili wake tangu alikofia bara mwaka uliotangulia, na mnara wa kanisa alimolazwa ungalipo.

Wala si sisi peke yetu duniani. Mwaka 1986 nilipelekwa kozi ya miezi mitatu mjini Leeds, Uingereza, na Jumapili moja ya Mei wenyeji wangu, mume na mke walimu, walinichukua pamoja na watu kama kumi tukatembea mashambani tangu asubuhi. Tulipita katikati ya shamba la shayiri la mtu, na mimi nikawa nageuka nyuma kila hatua kumi nikingoja kufukuzwa. Mwenye shamba alipotokea juu ya trekta alitupungia mkono akaendelea na kazi yake. Kila penye uzio palikuwa na kingazi kidogo cha mbao, mtu unapanda upande huu na kushuka upande wa pili, ng'ombe hawezi. Tulimalizia katika baa ya kijiji, nyumba ya mawe yenye dari fupi, viatu vyetu vikiwa tope tupu, mbwa wa watu wamelala chini ya meza; wenzangu wakanywa bia, mimi nikaletewa maji ya tufaha, na wazee wa kijiji waliokuwa pale walituuliza tumepita njia gani, kisha wakabishana wao kwa wao kama tulichagua vyema.

Nilidhani kwamba wale wenye mashamba walikuwa wakarimu tu kwa asili. Mwenyeji wangu ndiye aliyenisahihisha. Alinieleza kwamba njia zile zilipiganiwa. Kwamba tarehe 24 Aprili 1932 mamia ya watu, wengi wao vijana wafanyakazi kutoka Manchester, walipanda kwa makusudi mlima Kinder Scout ambao wenye ardhi waliufunga kwa ajili ya kuwinda ndege, na baadhi yao wakatiwa jela kwa sababu hiyo. Na kwamba mwaka 1949 ilipitishwa sheria iliyozitaka halmashauri za huko zichore ramani za njia zote za miguu zinazotumiwa na umma, ili njia isitegemee tabia ya mwenye shamba wa leo wala wa kesho. Neno hilo la ramani ndilo lililonibakia, na ndilo lililonifanya nilichukulie jambo la uzio wa Kaole kwa uzito kuliko lawama za kilabu.

Uzio wenyewe una miezi mitatu. Umekata njia mara tu baada ya mikorosho, pahali ambapo hapana pa kuzungukia isipokuwa kurudi hadi barabara ya magari. Sasa muuguzi wetu mwenye goti bovu anatuongoza ukingoni mwa barabara isiyo na sehemu ya waenda kwa miguu, malori ya mchanga upande mmoja na mtaro upande mwingine, na mwezi uliopita bodaboda ilimpangusa kikapu mkononi. Lakini sisi tunapita mara moja kwa mwezi, kwa hiari yetu, na tukiona tabu tunaweza kubaki nyumbani. Wapo wanaopita kila siku: akina mama wanaochukua samaki ufukweni asubuhi kwenda kuwakaanga na kuwauza, watoto wanaokwenda shule na madrasa, mgema mwenyewe na chupa zake. Hao hawaandiki magazetini. Siku ile nilipopita nilimwona mama mmoja akiinua waya wa chini kwa fimbo ili mwanawe apenye kwa tumbo, mkoba wa shule ukiwa mgongoni, na waya ukamchania shati.

Mwenye shamba simtaji, na simlaumu kama msomaji yule anavyomsifu. Nilikwenda kumwona, akanipokea vizuri, akanikalisha kitini. Alinunua kwa halali na karatasi anazo. Alinionyesha mchoro wa kiwanja chake na kuniambia, kwa sauti ya mtu aliyechoka kuulizwa, "Mwalimu, nionyeshe njia iko wapi hapa." Haikuwepo. Aliyemuuzia hakuisema, waliopima hawakuiuliza, na viongozi wa kitongoji waliotia saini walikuwa wanaijua vizuri kabisa kwa kuwa na wao huipita. Mpima anapenda mstari ulionyooka kutoka bikoni, yaani alama ya mpaka, hadi bikoni; njia ya miguu hainyooki, huzunguka mbuyu uliokuwapo, hukwepa bwawa la masika, hupindia nyumba ya mtu aliyekwisha kufa zamani. Ukiisubiri inyooke ndipo uiandike, hutaiandika kamwe.

Ninachoomba kwa viongozi wetu na kwa wataalamu wa ardhi si kikubwa. Mashamba ya kusini mwa mji yanauzwa kila wiki, na bikoni mpya zinaota kuliko mihogo. Kabla ya bikoni kupandwa, mpima na atembee njia zilizopo akiwa na wazee wawili watatu wa pale, na azichore. Upana wa mita mbili unatosha. Hakuna mwenye ekari tatu atakayefilisika kwa ukanda huo. Sheria ya Ardhi, Namba 4 ya mwaka 1999, ina vifungu vizima kuhusu haki za njia ya umma, kwa hiyo hatuombi kitu kipya kitungwe. Na kwa upande wa ufukweni, ambako nako nguzo za saruji zimeanza kuonekana karibu na maji, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari. Nguzo moja niliipima kwa hatua zangu za kizee, hazikufika ishirini.

Kuhusu uzio ambao tayari upo, mwenye shamba amekwisha kuniambia kwamba hapingi njia, anachopinga ni mbuzi wa watu wanaomlia miche. Nilimchorea kile kingazi cha mbao nilichokiona Uingereza. Alikitazama sana, akaniuliza kama mbuzi wa Kaole kweli hawezi kukipanda, na hapo nikakiri kwamba ng'ombe wa Leeds si kipimo cha mbuzi wetu. Tukakubaliana juu ya kilango chembamba cha kujifunga chenyewe, chenye kona ndani, ambacho mtu hupita kwa kujigeuza na mbuzi hukwama pembe. Fundi seremala tunaye ndani ya kundi, mbao tutachanga. Kinachosubiriwa ni barua ya uongozi wa kitongoji kuthibitisha kwamba pale ni njia, ili siku shamba likiuzwa tena kilango kisiuzwe kikawa kuni. Barua hiyo tumeiomba mara mbili, na mara zote mbili tumeambiwa turudi.

Msomaji aliyetuandika namkaribisha. Jumamosi ya pili ya mwezi ujao, saa kumi na mbili na nusu, mbele ya Ngome Kongwe. Avae viatu asivyovionea huruma, kwa kuwa siku hiyo huenda tukapita pwani. Hatamtangulia muuguzi. Tembo hatalazimishwa, na dafu lake nitalilipia mimi.

Wako,
Mwalimu mstaafu,
Dunda, Bagamoyo.